Barabara ya Uyole hadi Kyela

Anayetaka kuona jinsi Tanzania ilivyo na sura nyingi halazimiki kuizunguka yote kutoka Tanga hadi Kigoma. Kwa maoni yangu inatosha barabara moja, ile inayoanzia Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, ikapanda milima ya Uporoto na kuteremka kupitia Tukuyu hadi Kyela, jirani na Ziwa Nyasa.

Safari yenyewe haifiki kilomita 150. Huko juu Uporoto, Juni na Julai watu huvaa makoti mazito, na mashamba ni ya viazi mviringo na pareto. Ukiteremka kidogo, viazi huwapisha migomba na chai, kwa maana Tukuyu, iliyo chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 3,000, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kyela, iliyo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ina joto la kukumbusha Dar es Salaam, nako hustawi kakao, michikichi na ule mpunga unaonukia ambao jina lake wauza mchele wa mijini hulibandika hata kwenye magunia yasiyowahi kufika huko.

Chanzo cha tofauti hizi ni milima. Pepo zinazovuma kutoka kusini mashariki hubeba unyevu wa ziwa, na zikifika kwenye milima ya Livingstone na Rungwe hulazimika kupanda, hupoa, kisha huumwaga unyevu huo upande wa Kyela na Tukuyu. Bonde la Usangu, lililo nyuma ya milima, huambulia mvua kidogo. Hata hivyo Usangu nako hulimwa mpunga mwingi, kwa sababu mito inayoshuka kutoka milimani humwagilia majaruba kabla ya kuingia Ruaha Mkuu, unaoelekea bwawa la Mtera na hatimaye Rufiji.

Ndiyo maana sipendezwi na vitabu vinavyoigawa mvua ya nchi nzima katika vuli na masika. Mgawanyo huo unaifaa pwani na kaskazini. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba, na hata huo hauishi kwa pamoja, kwani mwezi Mei mkulima wa Usangu huweza kuvuna juani ilhali mwenzake wa Kyela bado ananyeshewa.