Rubisi imekuja na meli

Jamani, mwenzenu nimeagiza rubisi, ile pombe ya ndizi ya Wahaya, kwa WhatsApp. Rubisi yenyewe ya Bukoba, dumu la lita 5. Hela nikatuma kwa simu, mzigo ukapanda meli usiku, alfajiri niko bandari ya Mwanza Kaskazini nasubiri kama nampokea mkwe.

Dumu limevimba kama puto! Muuzaji kakaza kifuniko mpaka mwisho, kasahau kwamba maji ya ndizi yakishatiwa mtama wa kukaanga hayalali. Yamechacha ziwa zima na gesi haina pa kutokea. Nikalegeza kidogo tu, likapiga mluzi, shati lote likalowa. Bodaboda wa kwanza akakataa kunibeba, eti atanuka kilabu saa moja asubuhi.

Zilizobaki, kama lita 3, tumezimaliza jioni Kirumba na sato wa kuchoma. Ilikuwa kali kidogo, na mimi naipenda hivyo. Shemeji yangu Mhaya kaonja, kakunja uso: "Hii siki, shemeji." Lakini kikombe hakurudisha.

Nimeshaagiza nyingine. Safari hii nimemwambia atoboe kifuniko.