Picha za darubini zilijaa vidoa: jinsi nilivyozisafisha

Wiki nzima nililaumu slaidi. Makohozi yaliyopakwa auramini (rangi inayong'aa chini ya mwanga wa buluu), chini ya darubini ya taa ya LED ya buluu, kwa jicho yalionyesha vijiti vya kifua kikuu vizuri tu. Kwenye kompyuta, picha ya kamera iliyofungwa kwenye darubini ilijaa vidoa vyeupe kama anga la usiku usio na mwezi. Nilifuta lenzi, nikabadilisha mafuta, nikamgombeza hata mwenzangu aliyepaka rangi. (Amenisamehe.)

Kilichonifumbua macho ni kifuniko. Niliiziba kamera, nikapiga picha ya sekunde 5 gizani. Vidoa vilevile, mahali palepale! Kumbe ni kihisi chenyewe, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga: kikipata joto huzalisha elektroni bila mwanga wowote, na hali hiyo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 au 7. Kamera yetu haina kipoza, na Februari ya Dar mnaijua.

Basi nilizima marekebisho ya kamera ya kujiendesha, nikapunguza geini (kiasi cha kukuza ishara ya kihisi), nikaunganisha pikseli 2 kwa 2 ziwe moja inayokusanya mwanga zaidi, ili muda wa kupiga picha utoshe sekunde 1. Kisha nikapiga picha 10 za giza kwa muda uleule na joto lileule, nikachukua wastani wake na kuutoa kwenye kila picha. Kiyoyozi sasa nakiwasha nusu saa kabla. Ukungu wa mwanga uliobaki kwenye picha ulitoka kwenye skrini ya kompyuta. Kitambaa cheusi kikaumaliza.

Slaidi nazipiga picha siku hiyohiyo zinapopakwa rangi, maana auramini hufifia upesi.