Wasomaji walikuja nilipoandika kuhusu mkonge
Kwa miaka miwili ya mwanzo ya blogu yangu niliandika makala kuhusu kila jambo lililovuma mitandaoni, nikiamini kwamba wingi wa mada ndio utakaoniletea wasomaji, lakini waliosoma walikuwa ndugu na marafiki niliowatumia kiungo mimi mwenyewe.

Mambo yalibadilika nilipoandika kuhusu mkonge. Nimekulia Muheza, na babu yangu alikuwa mkata mkonge. Nilieleza alivyofunga majani katika mafungu ya 30, na namna miiba ya nchani ilivyomwachia makovu mikononi, kisha nikasimulia kwamba zao hilo lililetwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba katika miche aliyoiagiza kutoka Florida ilisalimika 62 tu. Wiki hiyohiyo watu nisiowajua kabisa, wengine wakiwa Mombasa na Muscat, waliniandikia kunisahihisha na kuniongezea ya kwao. Mzee mmoja alinitumia picha ya kisu cha marehemu baba yake, mpini wake umezungushiwa kamba ya katani iliyokwisha kuwa nyeusi kwa jasho. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu.

Tangu hapo ninajibu kila ujumbe, na vichwa vya makala naviandika kwa maneno ambayo mtu angeyatumia anapotafuta jambo lenyewe kwenye Google. Makala hutoka kila Ijumaa jioni, hata nikiwa safarini. Ijumaa hii ni zamu ya reli ya Tanga hadi Moshi, na wazee watatu wamekwisha kunitumia kumbukumbu zao.