Nilivyokiachisha kichwa changu mshahara

Kwa miaka mitano na ushee simu yangu ililia kila tarehe 25, mshahara ukiingia. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, kwa mkataba wa shirika moja kati ya mengi yaliyokuwa pale. Kambi ikafungwa mwishoni mwa 2021, wakimbizi waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta, nasi tukapewa barua pamoja na malipo ya mwisho wa mkataba. Nikarudi Kigoma mjini, Mwanga, nikiwa na milioni 4 na chenji. Mkataba uliisha, ila tarehe 25 haikunitoka mwilini. Hata baada ya miezi saba nilikuwa nikiamka asubuhi ya siku hiyo naiangalia simu, kama mtu anayemsubiri marehemu arudi safari.

Ukiwa Kigoma na hela mkononi, kila mtu atakuambia dagaa. Na kweli, dagaa wa Kigoma anajiuza mwenyewe Dar, hana haja ya tangazo. Kwa hiyo Novemba 2022 nikashuka Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa mjini, nikanunua dagaa wakavu viroba sita vya kilo 25, jumla milioni 2 na laki 7, nikavipakia kwenye lori na kumtumia mnunuzi niliyeunganishwa naye kwa simu. Sikuonja hata dagaa mmoja. Novemba mvua zimeshaanza, na mimi, mtu niliyekuwa nakataa unga wa msaada ukiwa na unyevu, nilipokea mzigo wangu mwenyewe kwa kuangalia juu ya mfuko tu.

Mnunuzi alinipigia baada ya siku nne. Viroba viwili vimeota ukungu, vingine vina mchanga. Tulibishana, nikanywea. Akatuma milioni 1 na laki 9.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ujumbe ule ulipoingia, ilikuwa tarehe 27, nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi! Mwili uliusikia mlio, ukasema mshahara umechelewa siku mbili lakini umefika. Jumamosi ile nikanunua seti ya makochi ya rangi ya damu ya mzee, nikamtumia mama laki moja, nikalipa ada, nikawanunulia jamaa nyama choma. Mpaka Jumatano nilipokaa na kalamu ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimesherehekea hasara ya laki 8, bila kuhesabu nauli ya mzigo.

Nikaenda Gungu kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye amekuwa akinunua na kuanika dagaa Kibirizi tangu mimi sijaenda shule. Nilikwenda kukopa. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza yote isipokuwa makochi.

"Hela ninayo, baba," akasema. "Tatizo wewe huna pa kuiweka."

Nikamwambia nina akaunti benki. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Njoo mwaloni giza lijalo lote. Usije na hela. Njoo na kofia."

Kwa asiyejua: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta juu, wavu unawanyanyua. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa yako haina maana tena, hivyo wavuvi wengi hupumzika wiki hivi ile ya mbalamwezi, wanashona nyavu, wanalala na wake zao. Kwa hiyo Kibirizi mwezi hauanzii tarehe 1. Unaanza giza likiingia na kuisha mbalamwezi ikitoka. Deni utaambiwa "nitakulipa giza lijalo", harusi inapangwa isiangukie giza, na mtoto akiugua wakati wa mbalamwezi hilo ni jambo lingine kabisa, kwa sababu nyumba nzima haina kitu kinachoingia. Nilizaliwa mkoa huu na nilikuwa nalijua hilo kama wimbo. Sikuwahi kulijua kwa tumbo.

Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Mitumbwi inarudi, wanawake wako majini mpaka magotini na mabeseni, bei zinatajwa kwa kelele. Mama mkubwa alisimama tu. Mtumbwi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Mimi mikono inaniwasha.

"Mama mkubwa, mbona hununui?"

"Umekuja na hela au na macho?"

Siku ile hakununua kabisa. Dagaa walikuwa wachache, bei ya beseni imepaa, na upande wa Kongo kulikuwa na wingu alilolikodolea macho tangu alfajiri. Tukarudi nyumbani mikono mitupu saa mbili asubuhi, na yeye akapika uji kama mtu aliyemaliza kazi. Kwangu mimi ile ilikuwa siku ya utoro. Baadaye saa saba mvua ikashuka, na waliokuwa wamemwaga dagaa mchangani wakawa wanakimbizana na maturubai. Hakusema neno. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchicha.

Mama mkubwa anaanika juu ya chanja: miti iliyosimamishwa hadi kiunoni, juu yake wavu wa matundu madogo, upepo unapita chini na jua linapiga juu. Mchangani ni bure na chanja ni gharama, ndiyo maana wengi bado wanaanika mchangani, ila mlaji wa Dar akisaga meno kwenye kokoto harudi kwako. Kazi yangu ilikuwa kutandaza wakiwa wabichi, wasilaliane, kuwageuza, kufukuza kunguru na mbuzi. Na kupima. Alinifundisha kumkunja dagaa mmoja katikati kwa vidole viwili. Akipinda, mrudishe. Akikatika kwa mlio, mguse tumboni kwa ukucha, kwa sababu tumbo ndilo la mwisho kukauka na ndilo linalobeba ukungu. Siku moja nilipima beseni moja la wabichi la kilo 40. Jioni ya siku ya pili nilikuwa na kilo 11. Nilirudia kupima nikidhani mzani una kasoro. Zile kilo 29 zilizopaa hewani, nilipofanya biashara yangu ya kwanza, hazikuwa kichwani mwangu kabisa. Niliwaza bei ya kununua na bei ya kuuzia, basi.

Wiki ya pili likaja la aibu. Bodaboda ilisimama barabarani, na abiria alikuwa mwenzangu wa Mtendeli, wa idara ya magari, sasa ana kazi nyingine nzuri na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nikainama nyuma ya chanja kama ninayeokota kitu. Nilikaa pale chini, naona viatu vyake tu, mpaka bodaboda ikaondoka. Nilipoinuka mama mkubwa alikuwa amesimama na beseni.

"Umemficha nani, yeye au wewe?"

Sikulala vizuri usiku ule. Kilichonikera ni kwamba pale Mtendeli nilikuwa nabeba magunia kwa mikono yangu mbele ya watu elfu, sikuona haya, kwa sababu nilikuwa na fulana yenye nembo. Kumbe nembo ilikuwa inanibebea heshima. Siku tatu baadaye nikampigia mwenyewe, nikamwambia niko Kibirizi naanua dagaa, kama anataka wa kupeleka nyumbani aseme. Akachukua kilo 5. Hakucheka wala nini. Watu hawatufikirii kiasi tunachodhani.

Lakini lililonigeuza hasa lilikuwa kopo. Mama mkubwa haandiki sana. Ana makopo matatu ya maziwa ya unga kwenye sanduku lake. La kwanza ni la dagaa: hela ya kununulia, haiguswi hata kwa msiba, kwa msiba anakwenda kukopa kwenye kikundi kama mtu mwingine yeyote. La pili ni la nyumbani, analotia kiasi kilekile kila siku ya soko, auze vizuri au vibaya. La tatu ni la mbalamwezi. Na kwenye kitambaa amefunga maharage: mekundu ni watu aliowapa mali kauli, kila harage mtu, na akilipa anaondoa.

Nikiangalia yale maharage nilijisikia mjinga. Mimi ni mtunza stoo! Kambini halikutoka gunia bila karatasi, sahihi mbili na jina la aliyepokea. Kilo moja ikipungua silali. Mali ya watu nilikuwa naihesabu kama amana, ya kwangu nikaimwaga kwa kuwa ni ya kwangu, nani ataniuliza? Usiku ule nilichukua daftari nikachora kadi ya stoo kama zile za Mtendeli, tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, juu nikaandika BIASHARA. Chini yake, kwenye nafasi ya mtunza stoo, nikaandika jina langu. Nafasi ya mwenye mali nikaiacha wazi. Mke wangu aliiona akauliza mwenye mali ni nani. Nikamwambia sijui, lakini si mimi. Mimi nalipwa posho. Tukakubaliana shilingi 7,000 kwa siku ya kazi, na akaniuliza swali gumu kuliko yote: makochi yalitoka salio gani?

Sikuanza hapohapo. Vijiweni Mwanga wenzangu wengi walikuwa wakisubiri mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 inayogawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na Aprili 2023 Serikali ikaisitisha ili ipangwe upya. Wapo waliosema basi, biashara imekufa. Biashara ambayo haijazaliwa! Mimi nilikuwa nimebakiwa na laki 6 na sikuwa na haraka nazo. Nilifanya giza la pili na la tatu kwa mama mkubwa bila mtaji, nalipwa dagaa wa mboga, na kila jioni nikajaza kadi kana kwamba nimenunua: leo ningenunua mabeseni mawili kwa bei hii, ningepata kilo hizi, ningeuza hivi. Nikapata hasara mara nyingi, zote za karatasi. Mei mvua zilipokata nikachukua TIN na leseni, nikajifunza njia ya ofisi ya afisa uvuvi kwa ajili ya kibali cha kusafirisha, nikanunua beseni moja. Moja tu. Nilimaliza mwaka ule nikiuza Kasulu na hapa mjini, kilo mbilimbili, na viroba vichache vya Dar ambavyo nilivikunja dagaa mmojammoja mpaka vidole vikanuka wiki.

Kisha ikaja 2024. Tanzania na nchi tatu tunazochangia ziwa, yaani Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ziwa ili samaki wazaliane, na kwetu uvuvi ukafungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu. Mbalamwezi ya siku tisini na tatu.

Kopo langu la tatu lilikuwa limeandaliwa kwa wiki, si kwa miezi. Nilihangaika na mawese na maharage ya Kasulu, faida ndogondogo, na katikati ya Julai kopo likatoa sauti ya bati tupu. Kopo la dagaa lilikuwa na milioni 1 na laki 3, limejaa, liko palepale chini ya kitanda. Nililala juu yake siku nne. Siku ya tano nikamwita fundi seremala wa jirani aje aone makochi. Akatoa laki 3 na nusu, mtu mkatili, lakini alilipa taslimu. Tukatandika mkeka sebuleni. Mke wangu akasema sebule imekuwa kubwa.

Usiku wa kufunguliwa mji mzima ulikuwa na furaha. Asubuhi Kibirizi kulijaa kama sikukuu, watu hata sijawahi kuwaona, kila mmoja na hela aliyoibania miezi mitatu. Nilishuka na beseni langu na milioni yangu. Lakini nilikuwa nimeangalia kalenda: mwezi ungekuwa mpevu tarehe 19. Usiku uliopita ulikuwa juu mpaka saa za usiku wa manane, mweupe, unasomea barua. Mitumbwi ikaingia na dagaa wa kuficha sakafu ya beseni, na bei ikatajwa ambayo sikuwahi kuisikia. Na ilinunuliwa. Mbele yangu kijana mmoja alinunua mabeseni matatu bila kuinama kutazama.

Mama mkubwa alikuwa amesimama palepale anaposimama siku zote, kofia kichwani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba baba. Unanunua?"

"Giza likiingia."

Nikarudi Mwanga kwa miguu, beseni kichwani limegeuzwa kukinga jua. Mke wangu alikuwa mkekani anachambua mchele. Akaliangalia beseni.

"Kwani hamna dagaa?"

"Wapo," nikasema, nikaomba uji.