Sahani ya kiapo

Kanuni ya mchezo wetu wa mezani iliyotugombanisha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilikuwa fupi: zamu yako ikifika, unaweza kuinamisha sahani ya kiapo na kuchukua mbegu zote zilizomo, zako na za mwenzako. Niliiandika mimi, na hadi leo naitetea. Mchezo ukimzuia shujaa asisaliti, uaminifu wake hauna uzito wowote, maana hakuwa na njia nyingine ya kwenda.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya korona, upande wa Uganda, kwenye baraza ambako madereva wa malori husubiri karatasi zao za forodha. Pale Kiswahili ndicho lugha ya kila mtu, na kila mtu ana mchezo wake: drafti, ludo, mchezo wa karata uitwao matatu. Jioni ile tuliweka mezani mchezo tuliokuwa tukiutengeneza wenyewe. Wachezaji walikuwa wanne: dereva mmoja mzee wa Mombasa, mwalimu wa shule ya msingi, mama anayeuza chai pale barazani, na kijana wakala wa forodha. Mimi nilikuwa mwamuzi.

Vifaa vilikuwa vichache. Ubao tuliukata kutoka kwenye katoni: ngome katikati, barabara nne zinazoingia, kila shujaa analinda yake. Ngome ina mawe 6. Kadi za adui ni 32, zimekatwa kwenye karatasi ya manila. 16 za mwanzo zina nguvu ya 3 hadi 6, na 16 za mwisho zina 6 hadi 9. Dadu moja. Mbegu tuliazima za omweso, mchezo wa bao wa Uganda, zile 64 za ubao mmoja: kila mchezaji anaanza na 5 na zilizobaki zinakaa mfukoni kama hazina. Kila raundi kadi moja inafunuliwa kwenye kila barabara. Unarusha dadu, unaongeza mbegu zako ukitaka, kila mbegu ikihesabiwa 1, na ulizotumia zinarudi hazina. Ukifikia nguvu ya adui au kuipita, unapata mbegu 1. Ukishindwa, ngome inapoteza jiwe.

Utamu ulikuwa kwenye sahani. Washirika wawili wanaweka sahani ndogo katikati yao na kila mmoja anatia mbegu. Kila jozi ya mbegu iliyomo inawaongezea wote wawili 1 kwenye dadu, kila raundi, na haitumiki ikaisha. Mkitia tatu tatu, kila mmoja anapata 3 za bure mpaka mwisho. Hakuna akiba ya mkononi inayofikia faida hiyo. Ngome ikisimama hadi raundi ya 8, wote wanashinda pamoja. Ila mwenye kukusanya mbegu 12 mbele yake anakuwa mfalme na kushinda peke yake.

Nataka msomaji aone mambo mawili hapo. Kwanza, kitu anachokipora msaliti ni kilekile alichopewa kwa kuaminiwa. Michezo mingi inakosea hapa: inampa msaliti upanga au dhahabu kutoka popote, na usaliti unageuka kuwa duka. Pili, ushirika una faida ya kweli kabla haujavunjwa. Kama hauna faida hakuna atakayeingia, na kama hakuna aliyeingia hakuna wa kusalitiwa.

Mchezo wa kwanza ulikwenda vizuri kwa raundi saba. Dereva na mwalimu walikuwa na mbegu 6 sahanini, mama na wakala vilevile. Raundi ya 8, zamu ya dereva, mzee akahesabu alizonazo mbele yake, 6. Akaichukua sahani taratibu, akaiinamisha kwenye kiganja. Kumi na mbili. Hakusema neno.

Mwalimu aliweka dadu chini. "Mzee, mimi nimekulinda tangu raundi ya kwanza."

"Na mimi nimekulinda, mwalimu wangu. Kanuni imeruhusu."

Mwalimu akasema shujaa wa namna hiyo asiitwe shujaa, tumtafutie jina lingine. Akatutajia omweso: mashimo 32, watu wawili, kila mmoja anamjua adui yake tangu mbegu ya kwanza. Nilimwelewa, lakini omweso hauna mshirika, kwa hiyo hauwezi kutujibu swali hili. Unaoweza kulijibu ni Diplomacy wa Allan Calhamer, uliotoka Marekani mwaka 1959. Mataifa 7 ya Ulaya, vituo 34 kwenye ramani, anayefikisha 18 anashinda, na hakuna dadu hata moja. Wachezaji wanaongea faraghani, wanaahidiana, kisha kila mmoja anaandika amri zake kwa siri na zote zinasomwa kwa pamoja. Hakuna kanuni inayomfunga mtu kwa ahadi yake. Watu wanaingia kwenye ahadi hata hivyo, kwa sababu mara nyingi jeshi moja halilisogezi jeshi lingine bila kuungwa mkono na jirani.

Tukagawa upya, na mchezo wa pili ndio ulionifundisha zaidi. Hakuna aliyetia mbegu hata moja sahanini. Nilimuuliza mama sababu, akanijibu kama anayehesabu chenji: raundi ya 8 kila mtu atapora, kwa kuwa baada yake hakuna kesho ya kulipizwa. Basi mwenye akili atapora ya 7 kabla hajaporwa. Basi mwenye akili zaidi atapora ya 6. "Sasa mwanangu, nitie ya nini?" Ngome ilianguka raundi ya 5.

Huo ndio ugonjwa wa michezo ya usaliti, na chanzo chake ni mwisho unaojulikana, wala si ubaya wa wachezaji. Ukishaitaja raundi ya mwisho, hofu inarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka inafika raundi ya kwanza.

Mwalimu akataka tuifute kanuni. Kijana wa forodha akakataa, na hoja yake ilikuwa nzuri. Alikuwa amecheza kwenye kompyuta Star Wars: Knights of the Old Republic, wa kampuni ya BioWare, wa mwaka 2003. Mle mchezaji anaweza kurudi upande wa giza karibu na mwisho. Wenzake wawili, Jolee na Juhani, wanasimama kumpinga, na anaweza hata kumlazimisha Zaalbar amuue Mission, rafiki yake mkubwa, kwa sababu Zaalbar alimwapia mchezaji deni la uhai. Kijana alisema hakuchagua njia ile, lakini kule kujua kwamba ipo kulimfanya awatazame wenzake kwa macho mengine. Nakubaliana naye, kwa tahadhari moja. Kwenye kompyuta anayesalitiwa ni maandishi na sauti. Mezani anayesalitiwa ni mtu, na atabaki amekaa pale akikutazama, kwa hiyo lazima umpe kazi ya kufanya. Mchezo unaomtoa nje aliyesalitiwa akae saa nzima akinywa chai umemwadhibu asiyekosa.

Tulirekebisha pale pale, kabla chai haijapoa.

Mwisho tuliuficha kwanza. Kuanzia raundi ya 6, kila raundi ikiisha dadu inarushwa. Ikija 5 au 6, mchezo umekwisha. Kadi kali 16 zikimalizika zinachanganywa upya, maana tungeziacha ziishe, raundi ya 8 ingebaki kuwa ya mwisho na hofu ingerudi.

Kisha tukaufanya usaliti uwe wa wazi na wa kusubiri. Msaliti anatangaza mwanzo wa raundi, kadi zikiwa bado hazijafunuliwa. Mbegu za sahani zinakaa mbele yake lakini hazitumiki raundi ile, na ufalme unahesabiwa raundi ikiisha tu. Aliyesalitiwa ana haki ya kisasi: kadi zikifunuliwa, anachagua kadi yoyote na kuibadilisha na ile iliyo kwenye barabara ya msaliti. Barabara hiyo ikivunjwa, mbegu zote za sahani zinakwenda kwa aliyesalitiwa. Sharti hili la mwisho ni la lazima. Bila hilo msaliti ataacha tu barabara yake ivunjwe, atunze mbegu, ahesabiwe 12. Tukaongeza kwamba msaliti asiyefika ufalme hashiriki ushindi wa wote.

Katika mchezo wa tatu sahani zilijaa tena, na aliyetangaza alikuwa mama, raundi ya 7, akiwa na 6 zake na 6 za sahani. Kijana, mshirika wake, alizipitia kadi nne bila haraka, akakuta 9 kwenye barabara yake mwenyewe, akamsukumia mama na kuchukua 6 ya mama. Mama akarusha 4. Ilibidi atoe mbegu 5 kufikia 9. Barabara ikasimama, akapewa 1 ya ushindi, lakini hesabu yake ikawa 2 na 6: nane. Dadu ya mwisho wa raundi ikaja 5. Ngome ilikuwa bado na mawe 2, watatu wakashinda, yeye hapana.

Mwalimu aliuliza kama sasa usaliti umekuwa hauwezekani. Nikampigia hesabu. Kama kadi kubwa mezani ingekuwa 7 na mama akarusha 6, angetoa mbegu 1, abaki na 5, apate 1, na ile 6 ya sahani: kumi na mbili kamili. Anayetaka uhakika zaidi itabidi alimbikize mkononi 8 au 9 kwanza, na mbegu ziko wazi mbele ya kila mtu. Mshirika anayejilimbikizia hivyo anaonekana mapema, na mwenzake anapata nafasi ya kuamua kama ataendelea kumwamini. Mwalimu alisogeza kiti karibu na meza.

Mama ndiye aliyeibua suala lililobaki: je, aliyewahi kusaliti anaweza kuapa tena? Dereva alisema hapana, kabisa. Kijana, aliyetoka kusalitiwa muda ule ule, akasema ndiyo, ila msaliti atie mbegu zake kwanza na angoje raundi nzima ndipo mwenzake atie. Tukapiga kura. Kijana akapata tatu, na ya mwalimu ilikuwa mojawapo.