Nilivyowapatia watoto vitabu vya Kiswahili wanavyovisoma bila kusukumwa

Februari 2023, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 visitumike katika shule za Tanzania, kwa maelezo kwamba maudhui yake yanakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya watoto wetu. Kwa muda wazazi tunaofahamiana hatukuwa na mazungumzo mengine. Kila mmoja alikuwa na orodha ya vilivyokatazwa kwenye simu yake, lakini nilipouliza tuwanunulie watoto vitabu gani badala yake, hakuna aliyekuwa na jina hata moja la kutaja. Wakati huo nilikuwa na binti wa darasa la tatu, na nilikuwa nikiishi na mtoto wa kaka yangu aliyekuwa darasa la sita. Wote walisoma shule za mchepuo wa Kiingereza, na Kiswahili chao cha kwenye karatasi kilikuwa kikichechemea ingawa ndicho walichokizungumza kutwa nzima. Nikaamua kuitafuta mwenyewe hiyo orodha ya pili.

Nilianzia Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jirani na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Jengo hilo lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, na tangu zamani lina sehemu ya watoto ambayo wazazi wengi wa jiji hili hupita nje yake kila siku bila kuingia. Sikwenda pale kwa kutarajia vitabu vipya, maana vingi vimechakaa na baadhi vimepoteza majalada. Nilikwenda kwa sababu maktaba ndiyo mahali pekee ambapo mtoto anaweza kukiacha kitabu katikati bila mzazi kuumia mfukoni. Nilikuwa nikiwaachia wachague wenyewe kwenye rafu, mimi nikakaa pembeni na daftari, nikiandika kichwa cha kitabu na kilichotokea: hiki kimeachwa ukurasa wa tatu, hiki kimesomwa chote, hiki kimesomwa kisha kikarudiwa. Sikuuliza maswali ya ufahamu. Mtoto akishajua kwamba kila kitabu kinafuatiwa na mtihani, huanza kuchagua vyembamba.

Daftari lile lilinifundisha jambo ambalo wauzaji hawakuwahi kuniambia. Vitabu vilivyoachwa mapema havikuwa vigumu. Vilikuwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya kumridhisha mzazi. Utavitambua kwa sentensi ya kwanza tu, ya aina hii: mtoto fulani alikuwa na nidhamu, usafi na utii, kwa hiyo majirani wote walimpenda. Ukisoma hapo umekwisha kujua kwamba atatokea mwenzake mtukutu, atapata ajali au atafeli, na ukurasa wa mwisho utakuwa na neno “funzo” kwa herufi nzito. Binti yangu alikuwa akikifunga kitabu cha namna hiyo kimyakimya na kukirudisha. Lakini alipokutana na hadithi iliyoanza na bibi anayewaambia wajukuu wasisogelee debe lililo jikoni kwa kuwa kuna kitu ndani kinapumua, hakunyanyua kichwa mpaka nilipomwambia maktaba inafungwa.

Kwa hiyo nikalazimika kufikiri upya kuhusu maadili yenyewe. Kwa wengi wetu, kitabu chenye maadili ni kile ambacho hakina mtu anayekosea, au kama yupo, anaadhibiwa haraka. Kwa kipimo hicho hadithi zote tulizolelewa nazo zingepigwa marufuku. Sungura anaongopa tangu mwanzo hadi mwisho. Abunuwasi ndiye usiseme. Jioni moja niliwasomea ile hadithi ya sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kijisufuria kidogo akidai kwamba imezaa, na jirani anapokea kwa furaha, mara ya pili anaazima na harudishi, anasema sufuria imefariki. Binti yangu alicheka sana. Mtoto wa kaka yangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Shangazi, kwa hiyo Abunuwasi ni mwizi?” Kabla sijajibu, binti yangu akadakia kwamba mwizi ni jirani, maana alijua kabisa sufuria haizai lakini akachukua. Mjadala huo uliendelea mpaka wakati wa kula. Mmoja alisisitiza kwamba tamaa ya jirani haiwezi kuhalalisha sufuria kupotea, mwingine akashikilia kwamba anayekubali uongo unaomfaa hana haki ya kuukataa ule unaomuumiza. Vitabu vyenye funzo la herufi nzito tulivyokuwa tumesoma kabla ya hapo havikuwahi kuzua mazungumzo ya namna hiyo nyumbani kwangu.

Baada ya hapo mipaka yangu ikawa michache na iliyo wazi. Sinunui kitabu kinachosherehekea ukatili, wala kinachomcheka mlemavu, maskini au mwenye rangi nyeusi zaidi, na jambo hili la mwisho hujificha zaidi kwenye michoro kuliko kwenye maneno. Sinunui kinacholeta mambo ya wakubwa kwa mtoto ambaye hajafika huko. Mengine yote, ikiwa ni pamoja na uongo, ujanja, woga, wivu na kifo cha babu, nayaacha yapite, mradi mwandishi anamheshimu msomaji wake.

Kuhusu mahali pa kununua, katikati ya jiji kuna duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Mtaa wa Samora, na hapo ndipo nilipoanza kuzoeana na majina ya wachapishaji wenyewe kama Mkuki na Nyota na E&D Vision, ambao wamekuwa wakitoa hadithi za watoto kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Ukishamjua mchapishaji anayejali uhariri na michoro, kazi ya kuchagua inakuwa nusu. Niligundua pia kwamba vitabu vingi vizuri vya miaka ya 1990 na 2000 vilitokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mradi huo ulikuwa ukiwafundisha waandishi na wachoraji, kisha ukinunua sehemu kubwa ya nakala kutoka kwa mchapishaji na kuzipeleka shuleni. Vingi havichapishwi tena, lakini vinapatikana kwa wauza vitabu vya mtumba.

Kwenye mtumba kuna maarifa yake. Lundo kubwa huwa ni vitabu vya kutoka Ulaya na Marekani, vyenye theluji na mabasi ya njano, na muuzaji hana muda wa kukutafutia. Mimi nilijifunza kugeuza jalada la nyuma na kuangalia ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Vya Tanzania hubeba 9976 au 9987 mwanzoni, au baada ya 978 kwa vile vipya zaidi, na vya Kenya hubeba 9966. Kwa kutumia namba hizo niliweza kupitia rundo zima kwa dakika chache na kubaki na vitabu vya kwetu tu, hata vile ambavyo jalada la mbele limechanika. Baada ya hapo husimama palepale na kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, siyo wa kwanza bali wa katikati, kwa kuwa ukurasa wa kwanza kila mwandishi huuhangaikia. Nikijikwaa mara mbili kwenye sentensi zilizojaa viambishi na majina ya dhana, nakirudisha. Kama mimi najikwaa, mtoto wa darasa la tatu ataanguka. Kijana mmoja anayetandaza karibu na Posta alishanizoea, akiniona anasema, “Mama, leo wasomee na wateja wengine.”

Vitabu vya Kenya viliniletea raha nisiyoitarajia. Nilidhani watoto wangesumbuliwa na matatu badala ya daladala, na majina ya miji wasiyoijua, kumbe ndicho walichokipenda. Mtoto wa kaka yangu alianza kuita basi letu la mtaani matatu kwa makusudi, ili aulizwe.

Tatizo kubwa lilikuwa kwake yeye. Kwa mtoto wa miaka sita hadi tisa, vitabu vya picha vya Kiswahili vipo ukivitafuta. Kwa sekondari kuna riwaya na tamthiliya za kidato. Lakini kwa mvulana wa miaka 12 anayetaka kurasa 100 zenye safari, hatari na vichekesho, rafu inakuwa karibu tupu. Sababu yake si kwamba waandishi hawapo. Wachapishaji wetu huishi kwa kuuza shuleni, na tangu Taasisi ya Elimu Tanzania ilipopewa tena jukumu la kuandaa vitabu vya kiada, soko lililobaki kwao ni la vitabu vya ziada, ambavyo shule nyingi hununua vyembamba na kwa ajili ya madarasa ya mwanzo. Kitabu kinene cha kijana hakina mnunuzi wa uhakika isipokuwa mzazi, na mzazi hajui kama kipo. Nilichofanya ni kuomba pale dukani niandikiwe vichwa vya riwaya za vijana kutoka pande zote mbili za mpaka, nikanunua kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi. Pia nimekuwa nikifuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ilianza kutolewa mwaka 2023, na hadithi za watoto zimepata nafasi yake humo, jambo linalonipa sababu ya kurudi dukani kila mwaka kuuliza nini kimetoka.

Kwa upande wa binti yangu, mfuko uliponibana nilikimbilia African Storybook, hazina ya hadithi iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuwekwa mtandaoni mwaka 2014. Hadithi zake zina leseni huria inayoruhusu mtu yeyote kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa bure, na zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno machache kwa ukurasa hadi hadithi ndefu za kusomewa. Kiswahili chake hakilingani. Kuna hadithi zilizotafsiriwa kwa ufasaha na kuna nyingine ambazo mtu wa pwani atazisoma akikunja uso, kwa hiyo nazipitia kwanza. Nikishachagua, napeleka faili steshenari. Namwomba muhudumu achape kurasa mbili kwa kila upande wa karatasi ya A4, kwa mpangilio wa kijitabu, ili zikikunjwa katikati zifuatane. Kisha anapiga pini mbili kwenye mkunjo kwa stepla ndefu. Jalada peke yake ndilo nalilipia rangi na karatasi ngumu. Picha za nyeusi na nyeupe nilidhani zitamkatisha tamaa binti yangu, lakini alichukua kalamu za rangi akazipaka mwenyewe, fisi akawa wa zambarau, na vitabu hivyo ndivyo anavyovilinda kuliko vya dukani.

Sasa nyumba za jirani zimeingia katika mzunguko huu. Vitabu vyangu viko kwenye sanduku la plastiki sebuleni, na mtoto yeyote wa mtaani anaweza kuazima kimoja kwa sharti la kuandika kwenye daftari jina lake na sentensi moja ya hukumu anapokirudisha. Hukumu nyingi ni fupi na hazina huruma: “Mwisho wake nilishaujua”, “Mamba angekuwepo zaidi”. Nazitumia ninapokwenda kununua, na zimenisaidia kuliko maelezo ya jalada la nyuma. Kinachoombwa zaidi hivi karibuni ni vitabu vya Kiswahili vinavyoeleza jinsi vitu vinavyofanya kazi: injini ya bajaji, umeme wa jua, kwa nini bahari hupwa na kujaa. Nimepata vichache, vyote vya wadogo, na mwezi ujao nitarudi Samora na orodha hiyo mkononi.