Thamani ya karata ndefu katika mnada wa briji

Katika briji kila mchezaji hupewa karata 13 kati ya 52, na karibu wote tunaanza kuupima mkono kwa hesabu iliyoenezwa na Milton Work: ree ina pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na jeki 1. Pakiti nzima ina pointi 40, na wenza wawili wenye pointi 25 au 26 kwa pamoja hutarajiwa kula mizunguko tisa kati ya 13 bila turufu, yaani bila aina inayozishinda nyingine zote. Ni hesabu nzuri, nami naitumia kila ninapocheza, lakini inapima ukubwa wa karata peke yake. Haisemi lolote juu ya ile karata ndogo inayokula kwa sababu tu wapinzani wameishiwa na aina hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo minada mingi, yaani yale mashindano ya kutaja mizunguko mtakayokula kabla ya kucheza, inapoharibika.

Tuchukue mfano wa kopa. Wewe unayo ree, mfalme, 5, 4 na 2, na mwenzako ana 8, 7 na 3. Wapinzani wamebaki na kopa tano, ambazo hugawanyika tatu kwa mbili katika takriban asilimia 68 ya migawo. Zikikaa hivyo, unapoteza mzunguko mmoja na kula minne, ingawa hesabu ya pointi imekupa 7 tu. Sasa mwondolee mwenzako ile 3. Wapinzani wana kopa sita, nazo hugawanyika sawasawa, tatu kwa tatu, katika asilimia 36 tu. Mgawanyiko wa nne kwa mbili ndio wa kawaida zaidi, karibu asilimia 48, na ukitokea utapoteza mizunguko miwili na kula mitatu. Karata isiyo na pointi hata moja, tena iliyo mkononi mwa mwenzako wala si mwako, ndiyo iliyobadilisha mambo. Kwa hiyo, wakati wa kunadi, mimi hujiuliza mwenzangu ana ngapi za aina yangu kabla ya kujiuliza ana kubwa gani, na yeye akionyesha kwamba ana tatu au nne, naupandisha mkono wangu thamani bila kusita.

Kuna pia suala la njia ya kuingilia. Ikiwa mkono wenye kopa tano hauna karata nyingine kubwa, ukianza kwa kula ree na mfalme kisha ukapoteza mzunguko wa tatu, zile mbili zilizobaki zitakuwa zimeshakuwa kubwa, lakini hutakuwa na namna ya kuzifikia. Dawa yake ni kuwaachia wapinzani mzunguko wa kwanza kabisa, ukibaki na ree na mfalme wa kukurudisha. Hata hivyo, kila mzunguko unaowaachia unawapa nafasi ya kuanzisha aina yao ndefu, yaani yenye karata nyingi, na katika mkataba (ahadi iliyoshinda mnada) usio na turufu mashindano hayo ndiyo mchezo wenyewe. Aina ndefu inayohitaji kupoteza mara mbili kabla ya kuzaa matunda mara nyingi huchelewa.

Ndiyo maana nazithamini sana karata za kati. Mfalme, malkia, jeki, 10, 9 na 8 za shupaza zina pointi 6, yaani moja pungufu ya ree na mfalme. Lakini zikifanywa turufu zinakula mizunguko mitano hata kama mwenzako hana shupaza hata moja, kwa kuwa kinachozizuia ni ree peke yake. Ree, mfalme, 6, 4, 3 na 2 haziwezi kuahidi hivyo. Hesabu ya Work haiipi 10 wala 9 chochote, na mchezaji asiyeyajazia mapengo hayo kwa macho yake mwenyewe ataiona mikono hii miwili kuwa karibu sawa.

Wengi huongeza pointi 1 kwa kila karata inayozidi nne katika aina moja. Charles Goren alieneza njia nyingine ya kuhesabu ufupi: 3 kwa kukosa aina kabisa, 2 kwa karata moja, 1 kwa mbili. Mimi huhesabu urefu tangu mwanzo, kwa sababu ni mali yangu mwenyewe, lakini ufupi siuhesabu mpaka turufu ipatikane, kwani kukosa aina fulani hakuna faida ikiwa hakuna turufu ya kukatia, yaani ya kuula mzunguko wa aina usiyo nayo.

Turufu ikipatikana, hata aina ya pili iliyo dhaifu huwa na thamani. Tuseme mwenzako, ambaye karata zake hulazwa wazi ili wewe uzicheze, anaweka mezani ree, 8, 6, 4 na 2 za uru, nawe una uru moja tu. Uru saba za wapinzani hugawanyika nne kwa tatu kwa takriban asilimia 62. Ukila ree, kisha ukakata mara tatu kwa turufu, uru ya tano inasimama peke yake. Inakubidi uwe na njia tatu za kurudi mezani, mbali na ree yenyewe, na kuziona njia hizo wakati mnada ungali unaendelea ni kazi inayostahili kufanywa kwa makini.

Lakini aina ndefu mbili zinazopishana hazijengi kitu. Mwenzako akifungua mnada kwa kutaja shupaza moja, nawe una kopa sita hafifu na karata moja tu ya shupaza, kisha akarudia shupaza baada ya wewe kutaja kopa, urefu wako umeshuka thamani. Kopa hizo hazina msaada kwake, na turufu zake hazina msaada kwako. Ikiwa mkono wako hauna nguvu ya ziada, pita hapo hapo, mkataba ungali chini.